Mahali pa Kupima Pumzi ya Gari

Kijiko kiligonga kikombe cha bati gizani, ting, ting, kisha kikatulia. Wilmer alikuwa akikoroga sukari polepole ili asiamshe mtu, na kwa upole wake huohuo akawa amemwamsha mkewe, kama kila siku. Yovana hakufumbua macho. Mtoto wao Wara, mwenye miaka mitano, alikuwa katikati ya kitanda, magoti yamemchimba mama mbavuni. Yovana alilala akisikiliza. Mpangilio wa sauti aliujua wote: kikombe kuwekwa mezani, zipu ya koti, kufuli la geti, kisha injini.

Injini ndiyo aliyokuwa akiisubiri. Iliwaka, ikanguruma, bati la paa likatetemeka. Halafu Wilmer alipoondoa mguu kwenye mafuta, ikazima.

Akaiwasha tena. Yovana alijifunga blanketi mabegani akatoka uani, pumzi yake ikimtangulia kama moshi.

"Imezima," alisema.

"Ni baridi tu, mama Wara. Hata mimi ukinitoa kitandani saa kumi natamani kuzima."

"Usinifanyie mzaha, Wilmer."

"Sasa nilie? Abiria wananisubiri kituoni Villa Fátima." Aliteremsha kioo, akamshika vidole. Mkono wake ulikuwa wa moto kwa sababu ya kikombe. "Rudi ulale. Una macho kama ya sungura."

Alirudi, lakini hakulala. Aliwasha taa ndogo, akatoa daftari lake la shule, akaandika tarehe na maneno mawili: *Uani. Imezima.* Ilikuwa mara ya nane tangu Juni. Nyingi zilikuwa za hapahapa mjini, kwenye taa za barabarani au mbele ya soko, watu wakipiga honi na kumtukania Wilmer mama yake marehemu. Lakini moja ilikuwa kwenye mteremko wa kushuka mabonde ya Yungas, na hiyo moja ndiyo iliyomnyima Yovana usingizi. Injini ikizima mteremkoni, usukani unakuwa mzito kama wa trekta. Pedali ya breki inashika mara moja, pengine mara mbili, halafu inakuwa jiwe. Na barabara ile ina mwamba upande mmoja, na upande wa pili haina kitu, mawingu tu, nayo yako chini yako.

Gari lilitoka Japani likiwa na usukani kulia, kama yote yanayopanda hadi mji wao wa milimani, El Alto, kutoka bandari ya ng'ambo ya mpaka. Huku usukani hukaa kushoto, kwa hiyo kila gari lazima lipasuliwe kifua kwanza. Don Saturnino, baba yake Wilmer, alikuwa amepasua magari hivyo kwa miaka ishirini na miwili, katika karakana iliyokuwa uani kwao. Hili alilichagua mwenyewe kwa ajili ya mwanawe, kwa sababu lilikuwa na turbo, feni inayoshindilia hewa ndani ya injini. Huku juu hewa ni haba. Gari lisilo na turbo hupanda mlima wa Cumbre kama bibi mwenye pumu.

Ila kuhamisha usukani si kuhamisha usukani tu. Mtungi wa breki nao huvuka kwenda kushoto, na pale kushoto ndipo Wajapani walipokuwa wameweka boksi la chujio la hewa. Nyuma tu ya chujio, kabla hewa haijafika kwenye turbo, ndipo walipoweka sensa. Ni kidude kisichozidi kidole gumba, ndani yake kuna uzi wa waya unaopashwa moto. Hewa ikipita, uzi unapoa, na kwa kupoa kwake kompyuta ya gari inajua hewa iliyoingia ni kiasi gani, na imwage mafuta kiasi gani. Uzi ukidanganya, injini inalishwa vibaya, ama inashindiliwa ama inalazwa njaa.

Don Saturnino alilitupa boksi. Chujio akalipachika mdomoni mwa turbo, na sensa akaipeleka mwisho wa safari: baada ya turbo, baada ya kipoza hewa, hatua moja kabla hewa haijamezwa na injini. Hapo palikuwa na nafasi. Tena alikuwa na hoja yake, aliyoitoa shavu likiwa limejaa majani ya koka.

"Ukitaka kujua mtoto amekula kiasi gani, utahesabu viazi sokoni, au utatazama kinywani mwake?"

"Nitatazama viazi kabla havijapakwa mafuta, Baba," Yovana alimjibu siku moja. "Turbo ni kuukuu. Inatema mvuke wa oili, na wote unaishia kwenye uzi."

"Ah. Shule hiyo inasema."

Shule ilikuwa ya watu wazima, ya jioni, mitaa minne kutoka nyumbani. Yovana alisoma umeme wa magari humo, wanaume kumi na mmoja na yeye, Wara akiwa amelazwa kwenye dawati la nyuma juu ya makoti ya wanafunzi. Mwalimu wao, Injinia Limachi, alifundisha kwa sauti ya chini ili asimwamshe mtoto. Yovana alimwuliza habari ya sensa.

"Watu wanaweka kabla, watu wanaweka baada," alisema Injinia. "Baada, bomba ni fupi na ukweli uko karibu na injini, lakini uzi unachafuka, na sensa yenyewe haikutengenezwa kukaa kwenye hewa iliyosukumwa. Kabla, hewa ni tulivu na safi. Ila bomba lazima linyooke, na mpira wowote ulio mbele yake usivuje, kwa sababu hewa iliyokwisha kupimwa ikitoroka, hesabu imeharibika."

"Sasa niseme ipi, Injinia? Maana kuna mzee nyumbani."

Darasa lilicheka. Injinia alisugua macho. Naye mchana alikuwa na kazi nyingine. "Wajapani waliiweka wapi?"

"Kabla."

"Basi anza hapo. Wao hawakuwa na haraka."

Alasiri ya siku hiyo ya kijiko, Jumanne, gari lilirudi likiburutwa kwa kamba nyuma ya lori la ndizi. Ubavu wa kulia ulikuwa umechunwa kuanzia taa ya mbele hadi mlango wa nyuma, na kioo cha pembeni kilikuwa kimening'inia kwa waya wake. Wilmer alishuka, akakaa juu ya tairi lililokuwa uani. Wara alitaka kumrukia, mama yake akamshika bega.

"Ni kona ya kwanza baada ya handaki," Wilmer alisema, akiongea na ardhi. "Niliondoa mguu kwenye mafuta, ikafa. Breki ya kwanza ikashika. Ya pili, jiwe. Nikalipeleka kwenye mwamba, ningefanyaje? Upande wa pili hakuna kitu, Baba. Unajua hakuna kitu."

"Abiria?"

"Wazima. Kuna mama mmoja, Doña wa watu, alikuwa na trei sita za mayai mapajani. Halikupasuka hata moja. Akashuka, akaniambia, 'Maestrito, dereva wangu, asante, mimi na mayai yangu tutatembea.'"

Hakuna aliyecheka. Don Saturnino alipitisha kiganja juu ya ule mchuno, taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa.

"Tambiko la gari la mwezi uliopita ndilo lililokushikilia," alisema mwishowe. "Nililifanya vizuri."

"Baba," Yovana alisema. "Sensa."

"Sensa, sensa! Umekuwa kasuku?"

"Tumebadilisha plagi, tumebadilisha koili, tumebadilisha pampu ya mafuta. Imebaki sensa."

"Binti, nimegeuza magari mia tatu kwa mikono hii. Mia tatu! Wewe umegeuza mangapi?"

"Hata moja," Yovana alisema. Sauti yake haikupanda. Hakuwa na nguvu za kuipandisha. "Lakini hili moja lina mume wangu ndani."

Mzee alimtazama. Halafu akamtazama mwanawe, aliyekuwa ameinamisha kichwa akimruhusu Wara achomoe vipande vya rangi kwenye nywele zake. Alitema majani ya koka pembeni.

"Fanya," alisema. "Nimechoka kubishana na shule nzima."

Yovana hakwenda darasani siku mbili. Kwanza aliichomoa sensa pale ilipokuwa: skrubu mbili, soketi moja. Uzi ulikuwa mweusi, unanata. Aliuinua karibu na taa, kisha, kwa mazoea ya jikoni, akaunusa. Alitarajia oili. Oili ilikuwepo, ndiyo, lakini juu yake palikuwa na harufu nyingine, tamu na nzito, kama ya kanisani siku ya maziko. Alikunja uso. Akafikiri, pua nayo imechoka. Akaudondoshea uzi spiriti ya duka la dawa, tone kwa tone bila kuugusa, akauacha ukauke.

Kazi ngumu ilikuwa nafasi. Mtungi wa breki ulikuwa umekaa kushoto kama shangazi aliyekuja kwa wiki moja akahamia. Yovana alipima kwa shubiri, akapima kwa kamba, akalala chini ya gari na kutazama juu. Mwishowe akaona pa kupita: chujio likishushwa nyuma ya taa ya mbele, ndani ya bawa la bati linalofunika tairi, bomba lingeweza kutoka hapo na kunyooka shubiri moja na nusu kabla ya kukata kona kwenda kwenye turbo. Shubiri moja na nusu. Haikuwa nyingi, lakini ilikuwa imenyooka.

Wara alimshikia tochi, akiielekeza kila mahali isipokuwa panapotakiwa.

"Mama, huu mshale mdogo ni wa nini?"

"Unaonyesha hewa inakokwenda. Ukiifunga sensa kinyume, inadanganya."

"Hewa inajua kusoma?"

"Hapana. Mama ndiye anayetakiwa kusoma. Leta mwanga hapa, roho yangu. Hapa, si usoni."

Don Saturnino alipita mara nyingi kuliko alivyohitaji. Alichukua spana, akairudisha. Alichukua koleo, akalirudisha. Mara ya nne akasimama.

"Klipu hiyo utaikaza mpaka uikate. Geuza kichwa chake kiangalie juu, siku ikilegea mtu aifikie kwa bisibisi."

Yovana aligeuza. Mzee alikuwa sahihi, naye akamwambia hivyo. Mzee akaondoka amekunja mikono mgongoni.

Ijumaa asubuhi walipanda Cumbre kulijaribu, Wilmer kwenye usukani, Yovana pembeni yake, mzee nyuma na mjukuu. Juu kule theluji ilikuwa imekaa kwenye mabega ya mlima. Waligeuka wakaanza kushuka upande wa Yungas, na kila kabla ya kona Yovana alisema, "Toa mguu." Wilmer alitoa. Mshale wa mizunguko ya injini ulianguka, ukafika chini, ukakaa. Injini haikuzima. "Tena." Tena. Walifanya hivyo mara ishirini na tatu. Mikono ya Wilmer ilikuwa imeukamata usukani hadi vifundo vikawa vyeupe, hata pale ambapo hapakuwa na kona.

"Hm," alisema Don Saturnino kutoka nyuma.

"Hm nini, Baba?"

"Hm ni hm."

Yovana aliegemeza kichwa kwenye kioo. Angefurahi, lakini furaha nayo inataka mtu aliyelala.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Kesho yake Wilmer angerudi kwenye safari zake, na Don Saturnino hangekubali gari lirudi barabarani bila tambiko, hasa baada ya ule mwamba. Kila Ijumaa ya kwanza, saa za jua kuzama, Yovana huwa jikoni akipika chakula cha kuliwa baadaye. Uani huwa pa baba na mwanawe. Safari hii alikuwa amepika mapema. Akatoka akijifuta mikono, akakaa kwenye kizingiti na Wara.

Makaa yalikuwa mekundu kwenye jiko la bati. Juu ya karatasi mzee alikuwa amepanga peremende za maumbo, nyuzi za sufu za rangi, mafuta ya mnyama, majani makavu ya milimani na donge la ubani. Alimwaga spiriti kidogo kwenye kila gurudumu, akamtaja Mama Ardhi, akaitaja milima kwa majina yake. Wilmer alikuwa amevua kofia. Kisha mzee akamwambia, "Washa," na injini ikawaka, ikatulia vizuri. Yeye akainama mbele ya boneti iliyo wazi, akabana klipu mbili kwa vidole gumba, akafungua kifuniko na kulitoa chujio lote nje. Shimo la bomba likabaki wazi, likivuta.

Akashika jiko la makaa, akaanza kulisogeza.

Yovana alisimama. Harufu ile. Alikuwa ameinusa juzi kwenye uzi, naye akailaumu pua. Akakimbia ndani, akarudi na daftari, akifungua kurasa huku anatembea. Tarehe sita, Ijumaa; tarehe saba, *soko, imezima*. Mwezi uliofuata, Jumatatu baada ya tambiko. Ule mteremko wa kwanza: siku moja baada. Si zote zilizoangukia hapo; ile ya Jumanne ilikuja uzi ukiwa umekwisha kubeba oili na moshi wa miezi yote, lakini nyingi zilikuwa zimekaa siku chache baada ya Ijumaa ya kwanza kama kuku karibu na mlango wa jiko.

Na sasa alikuwa ameihamisha sensa yeye mwenyewe, kwa mikono yake, akaiweka hatua moja tu nyuma ya chujio. Kitu cha kwanza ambacho moshi ule ungekutana nacho ni ule uzi.

"Baba, ngoja."

"Makaa yanapoa."

"Baba, huwa unatoa chujio? Kila mwezi?"

"Sasa gari litavutaje? Mgeni unampa chakula kupitia dirisha lililofungwa?"

"Moshi wenye mafuta na ubani unaganda kwenye sensa. Ndiyo maana inazima. Angalia tarehe hizi, Baba, naomba uangalie."

Don Saturnino hakuangalia daftari. Aliweka jiko chini, polepole, na uso wake ukajifunga.

"Unasema mimi ndiye niliyemsukuma mwanangu kwenye mwamba."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo kwa kusoma."

Wilmer alikuwa kati yao, kofia mkononi. "Mama Wara," alisema kwa sauti ndogo, "sitashuka bila moshi. Niite mjinga. Jumanne pale kwenye kona nilikuwa namwita Mama Ardhi kwa sauti, na mayai yote yakabaki mazima. Siwezi kushuka hivihivi."

Yovana hakuwa na ugomvi na Mama Ardhi. Siku Wara alipozaliwa kabla ya wakati, alimwaga tone la kwanza la kila kikombe kwa mwezi mzima, na mtoto akaishi. Alijua pia kwamba akilishinda tambiko leo, Wilmer atashuka kesho akiwa na hofu mikononi, na mikono yenye hofu haina tofauti kubwa na injini iliyozima.

"Nani kasema ushuke bila moshi?" alisema. "Mimi nataka vyote viwili."

"Vyote viwili havipatikani," alisema mzee.

"Baba, ukiingia kanisani unavua nini?"

"Kofia. Swali gani hilo?"

"Na hapa, sasa hivi, Wilmer kavua nini?"

"Kofia."

"Basi na gari livue." Alikwisha chukua bisibisi kutoka kwenye kisanduku cha vifaa, na mkono wake mwingine ulikuwa tayari kwenye bomba. "Ni skrubu mbili. Naitoa sensa, naishika mimi, tundu lake naliziba kwa plasta. Kompyuta ikiikosa sensa inakisia yenyewe. Litakohoa, lakini litakuwa linavuta. Livute moshi wote unaotaka wewe. Likishiba, tunarudisha chujio, tunaliacha lingurume robo saa, moshi uliobaki utoke. Halafu nalivisha kofia yake."

Makaa yalirusha cheche moja. Don Saturnino alimtazama mkwewe, akatazama bomba, akatazama ile shubiri moja na nusu iliyonyooka. Alikuwa mtu wa dini, lakini alikuwa fundi pia, na fundi ndani yake alikuwa tayari akipiga hesabu.

"Halitazima?"

"Litakohoa."

"Kukohoa si dhambi. Na mimi nakohoa kwenye misa." Alikwaruza shingo. "Hiyo kofia utaishika wewe mwenyewe? Hutaiweka chini?"

"Nitaishika mimi."

"Kitu kilichovuliwa mbele ya Mama Ardhi hakiwekwi chini."

"Nimesikia, Baba."

"Haya. Na haraka, makaa yananidharau."

Wilmer alizima injini. Yovana aliitoa sensa, akaifunga kwenye leso safi ya Wara, akaitia ndani ya sweta lake upande wa moyo, akaweka kiganja juu yake. Injini ilipowashwa tena ilitetemeka, ikajikwaa, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, lakini ikabaki hai. Don Saturnino aliinua jiko na moshi ukanyooka, mweupe, mzito, ukaingia bombani kana kwamba unajua njia. Gari likakohoa. Wara akacheka kwa sauti. Babu yake akajikaza asicheke, midomo ikamsaliti. Wilmer aliweka kiganja kwenye bawa lililochunwa, akafumba macho, na Yovana akaona mabega yake yakishuka, kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Robo saa baadaye, mzee ndiye aliyemkabidhi bisibisi.

"Mshale," alimwambia.

"Nimeuona, Baba."

"Najua umeuona. Nasema tu." Alimtazama akikaza skrubu ya pili. "Hivi kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Basi bisibisi hii isirudi karakana. Ikae ndani ya gari."

Wilmer aliondoka saa kumi alfajiri. Siku ile ya Jumamosi ilikuwa ndefu kuliko mkono wa serikali. Milimani simu haishiki, kwa hiyo Yovana hakuwa na la kusubiri isipokuwa gari lenyewe. Alifungua stata ya gari la jirani, akaisafisha, akaifunga, akagundua amesahau kipande, akaifungua tena. Don Saturnino alifagia uani. Alipomaliza, alifagia palepale.

Mchana mzee alikuja akasimama karibu na meza ya kazi ya Yovana. Gari jingine lilikuwa limeletwa asubuhi kutoka bandarini, bado na usukani wake kulia, nalo lilikuwa na turbo.

"Njoo ulitazame hilo," alisema. "Sijakata kitu. Niambie kwanza chujio tutalipeleka wapi."

Yovana alijifuta mikono, akamfuata. Waliinama pamoja chini ya boneti kwa muda mrefu, wakipima kwa shubiri, wakibishana kwa sauti ya chini, na kila lori lililopita barabarani wote wawili walinyamaza mpaka lipite.

Jua lilikuwa limeshafika kwenye mabati walipolisikia. Liliingia getini, likasimama. Wilmer hakulizima mara moja. Aliliacha lingurume, na Yovana akasikiliza. Liliendelea kunguruma, bila haraka. Kisha likazima, na safari hii ni mkono wa Wilmer uliogeuza ufunguo.

Aliingia jikoni ameinama, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na jiko.

"Vipi?" Yovana aliuliza.

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna kilichotokea. Nimeshuka, nimepanda. Yule Doña wa mayai amerudi. Amesema amenisamehe, lakini nauli amelipa nusu."

Don Saturnino, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema, "Hm," akaenda zake chumbani kwake, akafunga mlango kwa upole mno.

Yovana alitaka kusema kitu. Kulikuwa na mambo mengi: kwamba Jumatatu atarudi darasani na mchoro wa lile bomba, kwamba mzee amemwuliza yeye chujio liende wapi, kwamba amehesabu malori sitini na nne. Aligeuka kwanza amwekee supu, viazi vikavu viwili na kipande cha nyama alichokuwa amemfichia. Alipogeuka na bakuli, Wilmer alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, mdomo wazi, pumzi ikienda na kurudi, ndefu, sawasawa.

Wara alichuchumaa miguuni pake. Alivuta kamba ya kiatu, fundo likakaza zaidi. Akavuta ya pili. Akaacha, akamtazama mama yake.

"Baba amelala na viatu."